Chumvi kwenye Kizibo

Kizibo kimeota weupe.
Nilidhani ukungu, nikaukwangua kwa ukucha:
vijisindano vyembamba, vikavu,
havinuki chochote.

Mwezi wa Rajabu chupa hii hii
iliijaza nyumba yetu ya Bombo harufu ya lozi
hata jirani akachungulia ukutani
kuuliza tunaoka nini.

Niliitoa Kawempe, kiwandani kwa sabuni,
kwa ruhusa ya Ssentongo wa ghala,
yaani aliamua kutazama dirishani.
Pipa la bluu, lebo ya moto,
na jina refu la kikemia
ambalo vijana wa zamu wamelikata mkia:
Benza, wanamwita, kama binamu wa mtu.
Matone machache ya Benza
na mche wa sabuni unaapa
kwamba uliwahi kuwa tunda.

Nilimletea shangazi Khemisa
kwa kuwa mahlabu haikuja.
Zamani ilishuka kupitia Juba
ndani ya vifuko vya khaki, kokwa ndogo za rangi ya maziwa,
na siku ya kuzitwanga watoto tulikatazwa kupiga chafya.
Sasa njia ina bunduki,
na Zenabu anaolewa Ijumaa.
Humra ya bibi harusi haingoji watu wapatane.

Shangazi alinusa. Akaweka chini.
Akafuta pua kwa ncha ya mtandio, akanusa tena,
pua ile iliyowahi kuirudisha miski ya Kikuubo
mbele ya mwenye duka na wateja wake wote.
Akasema:
"Sauti naijua. Uso siujui."

Mama akapiga kelele toka jikoni: funikeni!
Kwake hiyo ni harufu ya muhogo mchungu,
Yumbe, mwaka wa njaa, sufuria isiyolowekwa vya kutosha,
na jirani aliyezika wawili kabla ya adhuhuri.
Hakuja sebuleni mpaka usiku.

Nami sikuwaambia kwamba kwangu
inanuka mshahara.

Ssentongo alikuwa amenipa na kipande cha gamba,
ngwabuzito, kutoka shambani kwa baba yake karibu na Mabira.
Livunje, alisema, kisha uniambie nani alianza,
mti au kiwanda.
Shangazi alilivunja. Alikaa nalo mkononi
muda mrefu kuliko alivyokaa na chupa.

Alhamisi akachanganya:
sandali, karafuu, miski, sukari iliyoungua,
moshi wa mgunga chini ya blanketi,
na Benza, si matone mawili, matatu,
la tatu kwa ncha ya kidole, haraka,
kama mtu anayeiba kwake mwenyewe.

Ijumaa wanawake walimzunguka Zenabu wakivuta pumzi.
Nani kaleta mahlabu? Ya Khartoum hii, ya zamani!
Shangazi alizipokea sifa
kama barua iliyoandikwa jina la mwingine
na ambayo tayari umeifungua.

Tangu hapo kila jioni aliifungua chupa.
Hakuitumia. Aliisikiliza tu,
akarudisha kizibo nusu nusu.

Leo nimemuuliza Ssentongo kuhusu chumvi.
"Inakula hewa," kasema. "Ikishiba inakuwa hivyo.
Hata soda tunazokunywa, zinawekwa ndugu yake
zisiharibike."
Nimecheka njia nzima ya kurudi, kisha nikaacha.
Harufu iliyoshindwa kujitunza
inatunza soda.

Nampa shangazi kizibo.
Anakigeuza kwenye mwanga wa dirisha,
analamba ukucha, anakunja uso.
"Imechoka," anasema.
Halafu, akiifuta chupa kwa kanga
kana kwamba ina mgeni ndani:
"Jumatatu uko zamu gani?"